Niuzie na Kutu Yake

Wauza magari ya zamani wana tabia moja inayonikera kuliko hata kurudisha kilomita nyuma: kupiga rangi wiki moja kabla ya kuuza. Land Rover ya miaka ya sitini imekaa nyuma ya nyumba huko Karatu au Mbulu, kuku wanatagia chini ya siti, hakuna anayeijali. Siku mwenyewe akisikia wapo watu wanaotafuta magari ya aina hiyo, anaikimbiza kwa fundi bodi. Inajazwa pati, ule uji mzito wa kuziba mabonde na matundu, inapigwa kijani kinachong'aa, matairi yanapakwa dawa, na bei inapanda mara tatu. Mwenyewe anaamini ameiongezea thamani, kumbe mimi mnunuzi ndiyo kwanza napunguza dau.

Sababu ni kwamba gari kuukuu ambalo halijaguswa linajieleza lenyewe. Naona lilipogongwa, lilipooza na lilipokaa salama, kisha napiga hesabu. Likishapakwa rangi sioni tena kitu, na nisichokiona nakihesabu kuwa kibovu. Ndivyo anavyofanya mnunuzi yeyote mwenye akili, ila wengine hawakwambii.

Land Rover ndiyo inayowapumbaza wengi. Ilipozinduliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini huku chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, ikibaki ya chuma. Ndiyo maana unaweza kukuta mabawa (vifuniko vya juu ya magurudumu) na milango mizima kabisa baada ya miaka hamsini, na chini yake chesisi imebaki kama biskuti. Asiyejua anazunguka gari akipapasa boneti. Anayejua anachuchumaa.

Mimi hubeba nyundo ndogo na sumaku. Kwa nyundo nagonga taratibu boriti ya nyuma kabisa ya chesisi, halafu zinaposhikia springi, halafu mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa, na wakati mwingine nyundo inazama na vumbi jekundu linamwagika. Baada ya hapo naingia ndani, nanyanyua mkeka pale dereva anapoweka miguu, kwa sababu ukuta ule unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma pia na hushika maji. Kuutengeneza vizuri ni kazi ya kuling'oa nusu gari.

Sumaku inafanya kazi kinyume kati ya gari na gari. Kwenye bawa la Land Rover haitakiwi kunasa. Ikinasa, ujue kuna mtu amebandika bati. Kwenye Peugeot 404, ambayo ni chuma kitupu, inatakiwa inase kila mahali. Ikiteleza, hapo kuna pati, na huenda pati ndiyo inayoshikilia mlango. Angalia pia zile kingo za juu ya bodi ya nyuma ya Land Rover. Kwenye magari ya miaka ya sitini zilipakwa zinki kiwandani na kuachwa na rangi yake ya kijivu. Ukizikuta za kijani kama bodi, kuna brashi imepita baada ya kiwanda, na hapo uliza nini kingine kilifunikwa.

Gari lililokaa Tanga au Bagamoyo nalitazama mara mbili. Chumvi ya bahari haiishii kwenye chuma. Alumini inapokutana na chuma inageuka unga mweupe chini ya rangi na kuivimbisha. Lililokaa Dodoma, hata kama jua limeichoma rangi yote, nalipenda zaidi. Rangi iliyochomwa na jua hainisumbui hata kidogo.

Halafu kuna bei ya hadithi. Hapa sina subira. Kama kila Land Rover inayodaiwa kumbeba Mwalimu ingekuwa ilimbeba kweli, mzee wa watu asingepata muda wa kuongoza nchi. Wenye 404 nao wana yao: Safari Rally. Ni kweli Peugeot 404 ilishinda mashindano yale mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea kwetu Tanzania. Fahari hiyo ni ya 404 zote duniani. Ya kwako iliyokuwa inapeleka maziwa Moshi mjini haijaongezeka hata shilingi, mpaka uwe na karatasi, picha au kadi yenye jina.

Na kadi yenyewe ndiyo ya kuuliza kabla hata ya kuchuchumaa. Magari haya mengi yako kwa jina la marehemu. Kama hakuna msimamizi wa mirathi anayetambuliwa na mahakama, unayekubaliana naye bei leo si mwenye mali, na kesho atatokea shangazi kutoka Mwanza. Linganisha namba ya kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chesisi, ambayo kwa Land Rover iko mbele upande wa kulia karibu na inaposhikia springi. Ikiwa imesagwa, aga kwa heshima uondoke.

Siku hizi muuzaji akibanwa anatoa simu na kunionyesha ile Ferrari ya Paris. Naijua. Februari 2015 kampuni ya mnada ya Artcurial iliuza pale Paris magari yaliyokutwa yameozea kwenye mabanda magharibi mwa Ufaransa, mali ya mkusanyaji Roger Baillon, na Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon ikaondoka kwa zaidi ya euro milioni 16 na vumbi lake. Mwaka 2024 kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya Pebble Beach, Marekani, ikashinda tuzo kuu Bugatti Type 59 ya 1934 ambayo haijafanyiwa ukarabati, mara ya kwanza kwa gari la namna hiyo. Lakini iliyonunuliwa pale Paris ni Ferrari. Vumbi lilikuwa ushahidi tu kwamba hakuna aliyeichezea. California Spider za chesisi fupi kama ile hazikufika 60. Land Rover ya milioni moja ilitoka kiwandani mwaka 1976. Kwa hiyo, mzee wangu, shikamoo, tuongee bei ya Karatu.

Bei ya Karatu inatafutwa hivi. Tuseme gari kama hilo likiwa limekamilika, linatembea na kupendeza, linauzika milioni 30. Chesisi, ukuta wa mbele, injini, breki, nyaya na rangi vikila milioni 24, kilichobaki ni sita. Hapo bado hujahesabu yatakayojitokeza gari likishafunguliwa, na hujawahi kuona fundi aliyelifungua gari akarudi kukwambia kazi ni ndogo kuliko alivyodhani. Muuzaji anataka 15 kwa sababu jirani aliuza 15. Magari mengi ya zamani kwa hesabu hii yana thamani ya spea zake, na si matusi kusema hivyo. Tamasha la Land Rover la Arusha mwaka 2024 lilinifurahisha sana, ila liliwaachia baadhi ya watu imani kwamba kila chesisi iliyolala porini ni kiinua mgongo.

Kwenye jambo moja nabishana na wenzangu wanaosoma sana magazeti ya Ulaya. Wao wakiona kiraka kilichochomelewa porini, au kifaa cha ziada kilichotengenezwa na fundi wa misheni, wanakata bei. Mimi sikati. Hayo ni maisha ya gari lenyewe, yalifanywa lifanye kazi. Ninachokata ni kilichofanywa ili liuzike.

Hata injini ya Isuzu iliyotiwa badala ya ile ya petroli ya lita mbili na robo hainitishi sana. Nauliza tu ya zamani iko wapi. Mara nyingi iko stoo chini ya magunia, haijaguswa, na muuzaji anashangaa kwa nini naiulizia. Bloku ya injini hiyo ikiwa bado na namba yake, na ikaingia kwenye mauzo pamoja na gari, naongeza pesa hapo hapo bila kuombwa.