Kuruka Majivu, Kukanyaga Moto

Kila ikisambaa video ya ndege ya kivita inayopita karibu kugusa vilele vya miti, watu humsifu rubani kwa ujasiri. Simbishii mtu. Ila mimi huona pia jeshi lililoshindwa kuzizima rada za adui.

Hesabu yake ni hii. Mawimbi ya rada husafiri karibu moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Antena iliyo mita 10 kutoka ardhini inaweza kuiona ndege iliyo kimo cha mita 10,000 ikiwa bado umbali wa kilomita 400 na zaidi. Ishushe hadi mita 60, haionekani mpaka ibakize kilomita 45 hivi. Kukiwa na kilima katikati, hata hapo haionekani. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hizo ni dakika tatu za kuigundua, kuamua na kufyatua.

Mei 1960 kombora la S-75 liliitungua U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani, juu ya Umoja wa Kisovieti, ikiwa kilomita 20 hivi angani. Walioona kimo ni ngao wakaanza kushuka. Uingereza ilizishusha hata Valiant, ndege zake za mabomu zilizoundwa kwa ajili ya anga ya juu. Mihimili ya mabawa ikaota nyufa, na mwaka 1965 zikaondolewa kazini, si kwa risasi za adui.

Na huko chini kuna wenyewe. Mwaka 1973, katika vita na Misri na Syria, marubani wa Israeli walioshuka kuyakwepa makombora ya SA-6 ya kutungulia ndege walikutana na ZSU-23-4, gari la deraya lenye mizinga minne. Mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, ndege za Tornado za Uingereza zilipita chini kabisa juu ya viwanja vya ndege vya Iraki, kwa sababu silaha yao, JP233, iliyomwaga mabomu madogo juu ya njia za kurukia, ilidai hivyo. Baada ya siku chache zikapandishwa. Ziliweza kupanda kwa kuwa rada na makombora ya Iraki yalikuwa yameshavurugwa, japo mabomu ya kawaida kutoka juu yalikosa shabaha, hadi ndege nyingine, Buccaneer, zikaja kuwamulikia shabaha kwa leza.

Ukraine na Urusi hazina nafasi hiyo. Tangu 2022 hakuna aliyeyamaliza makombora ya mwenzake ya kutungulia ndege, hivyo Su-25, ndege za kushambulia ardhini za pande zote mbili, hunyemelea chini, huinua pua ghafla, humwaga roketi kutoka mbali na kugeuka, huku askari mwenye kombora la begani akizisubiri nyuma ya kichaka.