Kilo nane za mama aliyeondoka Liverpool

Hivi ukiambiwa unahama nchi, hurudi tena, na nguo zako pamoja na matandiko visizidi kama kilo 8, utaacha nini? Swali hili limenikaa kichwani tangu nianze kufuatilia wanawake wa Uingereza waliojiunga na Wamormoni, wafuasi wa kanisa lililoanzia Marekani, enzi za Malkia Victoria wakapanda meli pale Liverpool kwenda Utah, huko Marekani. Wamisionari wao wa kwanza walifika Uingereza 1837, na ilipofika 1856 magari ya ng'ombe yakaonekana ghali mno, basi watu wakaambiwa wavute mikokoteni kwa mikono yao kutoka Iowa City mpaka Salt Lake City, zaidi ya kilometa 2,000, na hizo kilo 8 ndo zilikuwa kipimo cha mtu mzima mmoja.

Sasa jaribu kumtafuta mmoja wao kwenye makaratasi. Ameolewa, jina la ukoo limebadilika. Sensa ya 1851 inakupa umri na parokia aliyozaliwa, ila kwenye kazi mara nyingi pameachwa wazi, yaani kufua, kupika, kulea watoto sita, hiyo sio kazi!

Ndo maana mi nasema hadithi ya kubuni ina haki ya kuingia hapo. Kuna watu wa historia hawataki hata kusikia na naona wanakosea, kwa sababu mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba yangu ni rekodi. Mama wa hadithi ninayoiandika siwezi kumpandisha treni hadi Utah wakati reli ya kuvuka Marekani iliungana 1869. Siwezi pia kumwandika kama mjinga aliyerubuniwa, maana habari ya ndoa za wake wengi ilitangazwa hadharani 1852 na aliyeondoka miaka minne baadaye alikuwa na nafasi ya kuisikia, kwa hiyo lazima nimpe akili yake na imani yake, hata kama siikubali.

Mwaka huohuo wa 1856 misafara miwili ya mikokoteni ilichelewa kuondoka, theluji ikawakuta njiani, sehemu ambayo leo ni jimbo la Wyoming, wakafa zaidi ya watu 200. Binti mmoja wa Kiingereza, Patience Loader, alikuwemo. Baba yake, mtunza bustani, alifia njiani. Patience aliandika mwenyewe kumbukumbu zake, na humo tunamkuta mama yake, Amy, asubuhi moja ya baridi kali mabinti wamekata tamaa hawataki kuinuka, akasimama akaanza kuwaimbia na kucheza mbele yao mpaka wakacheka. Jamani, mjane yule! Karani gani wa sensa angeandika hilo?

Mama wa kwenye hadithi yangu nimemfikisha Iowa City. Mzani uko mbele yake, anatoa kitu kimoja kimoja, na leo wiki ya tatu bado hajakubali kuliachia shuka alilofumiwa na mama yake.