Kimombo Kirefu, Maana Kiduchu

Jamani, kuna ubaya gani mtu akitaka kusema "sasa", akasema sasa, yakaisha? Wenye Kimombo chao hawakubali. Watakwambia "at this point in time". Maneno matano, na sasa ni ileile. Wakitaka kusema "kwa sababu", wanaanza safari: "due to the fact that". Unakaa kimya kusubiri hiyo "fact" ishuke, kumbe ni sababu tu kama sababu nyingine.

Niliomba kazi mahali. Sipataji, nisije nikaonekana nina kinyongo (ninacho). Jibu likaja, aya nne. Ya kwanza shukrani. Ya pili wananisifu mpaka nikaanza kuikagua suti. Ya tatu ndipo wanasema "we are not in a position to". Mtu akiisoma haraka atadhani wenyewe ndio hawana pa kukaa, awaonee huruma. Walichotaka kuniambia ni "hapana". Herufi sita! Ya nne wananitakia mafanikio, sijui wapi.

Halafu kuna "with all due respect". Hiyo ukiisikia kikaoni, jishike vizuri. Heshima yote imetajwa mwanzoni ili ikishatajwa isihitajike tena. Kinachofuata ni matusi yaliyovaa tai.

Wanasheria ndio kabisa. Wao "will" peke yake haiwatoshi, lazima iwe "will and testament". Yaani wasia na wasia. "Goods and chattels", mali na mali. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza mwaka 1066, wakaja na Kifaransa chao. Wakubwa wanaongea kimoja, wananchi wanaongea kingine, na mwandishi wa hati, kwa kuogopa lawama, anaweka neno la huku na la kule. Ilipofika mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walikuwa wanashtakiwa bila kujua kinachosemwa juu yao. Sheria nzuri sana. Ila iliandikwa kwa Kifaransa.

Sasa njooni kwenye mapenzi. Mtu akipenda mpaka akachanganyikiwa, wanasema yuko "head over heels". Kichwa juu ya visigino. Ndugu yangu unayesoma hapa, kichwa chako kiko wapi muda huu? Mimi nikipanga foleni, kichwa kipo juu na visigino vipo chini, na simpendi mtu yeyote kwenye ile foleni, hasa anayejipenyeza mbele akidai kuna mtu alimshikia nafasi. Zamani msemo ulikuwa "heels over head", visigino juu ya kichwa. Hapo tunaelewana: mtu kapenda, kabinuka. Wakaupindua, wakausimamisha wima, na mpaka leo wanasema vilevile kama vile mtu bado kabinuka.

Keki nayo imekumbwa na mambo hayohayo. "You can't have your cake and eat it too." Huwezi kuwa na keki yako na kuila. Kwa nini nisiweze? Ninayo, naila, tatizo liko wapi? Mwaka 1546 mwandishi Mwingereza, John Heywood, aliuandika msemo huo kwa mpangilio wa mtu mwenye akili timamu: uile keki yako, kisha uwe nayo? Hapo ndipo unaona haiwezekani. Baadaye umma ukazoea kuugeuza.

Marekani akatokea mmoja aliyekataa kuugeuza, Ted Kaczynski, bingwa wa hisabati aliyejificha kwenye kibanda msituni Montana, akituma mabomu kwa posta hadi akaua watu watatu. Andiko lake refu lilichapishwa mwaka 1995, na ndani yake kaandika ule msemo kwa mpangilio wa zamani, kula kwanza, kuwa nayo baadaye. Wachunguzi wakaukuta hivyohivyo kwenye barua aliyomwandikia mama yake. Ukawa mmoja wa ushahidi wa kulinganisha maandishi yake, ingawa waliomtambua kwanza ni ndugu zake. Akakamatwa Aprili 1996.

Yaani aliyeusema msemo sawasawa ndiye huyo aliyekwenda jela. Wanaousema kinyume wapo tu uraiani, na ndio wanaonisahihisha Kimombo changu.