Dementia 13: Corman alikuwa na haki ya kunung'unika

Kabla dunia haijamjua kama mwongozaji wa The Godfather, Francis Ford Coppola alikuwa fundi sauti wa Roger Corman, mtayarishaji wa filamu za bei nafuu, kwenye filamu ya mbio za magari iliyopigwa Ulaya. Kazi ilipokwisha kukabaki fedha kidogo. Kijana akamsimulia bosi wake tukio moja tu: mtu anaogelea bwawani, anaona kitu cha kutisha chini ya maji, anaibuka na kukutana na shoka. Corman akatoa takriban dola 20,000, Coppola akaenda Ireland na baadhi ya waigizaji wale wale kupiga filamu yake ya kutisha, Dementia 13. Hakuishia hapo. Alimuuzia mtayarishaji Raymond Stross haki za kuionyesha Uingereza, na bajeti ikakaribia kuwa maradufu.

Filamu ikatoka 1963, na Corman hakuridhika. Alimwita mwongozaji mwingine, Jack Hill, apige matukio ya nyongeza, likiwamo la jangili anayekatwa kichwa. Mbele kabisa pakabandikwa kipande cha kumpima mtazamaji kama ana akili timamu za kuhimili vitisho, kichekesho cha kuuzia tiketi tu. Mwenye pesa si mwenzio. Miaka mingi baadaye Coppola alitoa toleo lake bila viraka hivyo, na mashabiki wengi wakaona haki imetendeka.

Kumtetea Coppola leo ni rahisi, maana tunajua alikofika. Na zile dakika za mwanzo zinamtetea zenyewe. Louise yuko na mumewe kwenye mashua, mume anakufa kwa moyo. Akifa yeye, mke hana chake katika urithi wa mama mkwe. Basi Louise anamtosa ziwani pamoja na redio inayoendelea kuimba huku ikizama, kisha anapiga taipu barua ya uongo kwamba mume amesafiri kikazi. Sauti ile ya muziki ikimezwa na maji ni ya mtu anayeijua kazi yake.

Lakini Louise anauawa mapema, pale bwawani. Corman alitaka kitu cha kufuata nyayo za Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock iliyotamba 1960, na Coppola alimpa hata ule ujanja wa kumuua mhusika mkuu kabla ya muda wake. Tofauti ni kwamba Hitchcock alikuwa na Norman Bates, muuaji wa Psycho, wa kuubeba mzigo. Coppola alibaki na ukoo wa Haloran, wakwe wa Louise, ukizunguka kasri na kumlilia binti aliyezama miaka iliyopita, na hakuna kati yao anayetaka jambo kwa nguvu kama alivyotaka Louise. Corman aliliona shimo hilo. Alipokosea ni kwenye dawa: kichwa cha mtu tusiyemjua hakizibi chochote.

Sifa mbaya ya filamu hii ilichangiwa pia na kukosa hakimiliki Marekani. Kila mtu aliinakili apendavyo, na katika nakala mbovu tukio la bwawani ni giza tupu. Tukio lenyewe lililouzia filamu nzima!

Kwa hiyo toleo la Coppola mwenyewe ndilo la kutazama, ila lisitazamwe kama ushahidi wa kumfunga Corman. Jangili kaondoka, pengo la Louise limebaki pale pale, na Patrick Magee, akiigiza daktari wa familia, bado anatufumbulia fumbo kwa maneno mengi pale ambapo kamera ilipaswa kusema.