Kikokotoo: Ulaya mnatutajia nusu nusu

Kila mjadala wa kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao ya mtumishi akistaafu) ukipamba moto huko nyumbani lazima atokee mtu mwenye suti aseme "hata nchi zilizoendelea mstaafu hapewi mkupuo (hela nyingi kwa mara moja), analipwa kila mwezi", basi hoja inaishia hapo maana nani atapanda ndege kwenda kuhakikisha. Sasa sisi wengine tupo huku. Mimi nalea wazee hapa Leicester, Uingereza, wastaafu ndio kazi yangu kuanzia kuwaamsha mpaka kuwalaza, kwahiyo naomba na mimi niseme maana naona tunadanganywa kwa kuambiwa ukweli nusu.

Ni kweli, huku pensheni ya serikali haina mkupuo. Mtu anaanza kulipwa akifika miaka 66 (kuanzia 2026 inaanza kupanda taratibu kwenda 67), na mwenye michango kamili ya miaka 35 alikuwa analipwa pauni 230.25 kwa wiki kuanzia Aprili 2025. Hapo ndio wanapoishiaga kunukuu. Kinachofuata hawasemi: hiyo hela inapanda kila mwezi wa nne, na haisubiri waziri aamke vizuri wala haitangazwi Mei Mosi kama zawadi. Wanaangalia bei za vitu zimepanda kwa asilimia ngapi, mishahara imepanda ngapi, na kuna asilimia 2.5 kama kiwango cha chini, yoyote iliyo kubwa hapo ndio inaongezwa. Aprili 2025 iliongezwa asilimia 4.1. Kuna bibi namhudumia alinipa barua yake nimsomee maana miwani ilikuwa imepotea (ilikuwa kichwani), nikamsomea kiwango kipya, akasonya akaniambia hiyo si hela ya kuishi mtu. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema mama wewe hujakutana na kikokotoo.

Na wakiguswa kidogo tu ni moto. Julai 2024 waziri wa fedha Rachel Reeves alitangaza kuwaondolea wastaafu wengi ile posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, pauni 200 mpaka 300 kwa mwaka. Wazee walipiga kelele karibu mwaka mzima mpaka Juni 2025 serikali ikarudi nyuma, ikasema mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka ataendelea kupata. Kwahiyo msidhani huku watu wameridhika, wanalalamika kuliko sisi, ila kelele zao zina matokeo ndani ya mwaka mmoja.

Haya turudi Bongo tupige hesabu wenyewe. Chukua mwalimu aliyechangia miaka 30, yani miezi 360, wastani wa mshahara wake milioni moja kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi (mshahara wa mwaka mara miezi aliyochangia, gawa kwa 540; nusu ya jibu inazidishwa mara 15.5 anapewa mkononi, nusu nyingine analipwa kidogo kidogo kila mwezi), alikuwa anaondoka na milioni 62 na kila mwezi kama 333,000. Mwaka 2018 mifuko ikaunganishwa, ikaja asilimia 25 ya mkupuo badala ya ile nusu, watu wakachachamaa mpaka Magufuli akaisimamisha mwezi wa 12 mwaka huohuo akasema kanuni za zamani ziendelee mpaka 2023. Haikufika huko, Julai 2022 ikaja ya asilimia 33, na hapo unagawa kwa 580 badala ya 540, unazidisha mara 12.5 badala ya 15.5. Mwalimu wetu sasa anapata milioni 30.7. Bajeti ya 2024 ikasogeza mpaka asilimia 40 kwa wale waliokuwa wa 50, anapata milioni 37.2, na kwa mwezi kama 372,000. Tukaambiwa tushukuru.

Mimi hiyo ya 40 nimeikokotoa mara mbili nikidhani simu imekosea. Kwa mwezi amezidishiwa kama elfu 39 kulinganisha na zamani, kwenye mkupuo amekatwa karibu milioni 25. Ili hiyo elfu 39 irudishe milioni 25 inabidi aishi miaka zaidi ya 50 baada ya kustaafu. Amestaafu na 60. Fanya hesabu mwenyewe atakuwa na miaka mingapi. Sasa mtu akija kuniambia "tumepunguza mkupuo ili tuongeze ya mwezi" namuuliza imeongezwa wapi?

Alafu hiyo ya mwezi haipandi yenyewe. Kima cha chini cha pensheni kilikaa laki moja miaka karibu kumi, kimekuja kuguswa 2025 kikawa laki na nusu. Wakati huo sukari, nauli, mfuko wa simenti, vyote vimesubiri? Ndio maana mtumishi anang'ang'ania mkupuo, sio kwamba ana tamaa au hajui kutunza hela kama wanavyosema kwenye semina za wastaafu watarajiwa, anajua kabisa shilingi aliyoishika leo ni shilingi, ya mwaka wa kumi baadae ni hadithi. Na nyumba atajenga na nini? Huku mtu ana miaka 28 anakopa benki anahamia, analipa taratibu miaka 25. Mwalimu wa Singida mkopo wa nyumba anausikia redioni, yeye mpango wake ni kiwanja, msingi, tofali kidogo kidogo, na kupaua ni siku ya kiinua mgongo. Baba yangu mdogo boma lake limeishia kwenye renta mpaka leo, mabati aliyapigia hesabu ya asilimia 50, ikamkuta 33. Wajukuu wanachezea humo ndani, mapapai yameota chumba cha wageni.

Na wabunge jamani? Miaka mitano tu, bunge likivunjwa kiinua mgongo kinaingia chote kwa pamoja, hakuna semina, hakuna wa kuwaambia wataoa mke wa pili wakafilisika.

Sasa na mimi nisiwapambie huku. Mzee wa England akishindwa kujihudumia akahitaji nyumba ya wazee, mwenye mali zaidi ya pauni 23,250 anajilipia mwenyewe, na nyumba yake inahesabiwa kama hakuna mwenza anayeishi humo. Vituo vingi ni zaidi ya pauni elfu moja kwa wiki. Nimeona watu waliofanya kazi miaka 40 nyumba inauzwa, inaliwa na kitanda na huduma zetu, watoto wanabaki na albamu ya picha. Kwa hilo nyumbani tumewazidi mbali, na mtumishi mstaafu kubaki na bima ya afya ya NHIF yeye na mwenza wake sio kitu kidogo, tusikidharau. Pia Zanzibar tangu 2016 mzee wa miaka 70 anapewa pensheni jamii hata kama alikuwa anavua pweza maisha yake yote. Ilianza elfu 20 kwa mwezi, sio nyingi, ila bara mama ntilie na mkulima wa alizeti hawana hata hiyo.

Mimi nachangia pensheni ya huku kila mwezi, wakati viza yangu imeandikwa nisiguse msaada wowote wa serikali. Nikifikisha miaka kumi ya michango napata haki ya kulipwa sehemu, lakini nikirudi kuishi Tanzania kiwango kinagandishwa pale pale nilipoanzia, hiyo nyongeza ya kila Aprili haitufikii maana nchi zetu hazina mkataba nao. Mauritius wanao. Sisi mbona hatuna, wizara inasubiri nini?

Kwahiyo TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi) na CWT (chama cha walimu), Mei Mosi ijayo msiende tena kuomba asilimia 40 iwe 45. Dai nyongeza ya kila mwaka iandikwe kwenye sheria, ifuate mfumuko wa bei, waziri apende asipende. Ikishaandikwa hiyo na miaka mitatu minne watu wakaiona inaingia, ndio mje mtutajie Ulaya.