Gauni la saa moja

Wataje maflapa, wale wasichana wa Marekani na Ulaya wa miaka ya 1920, na wengi wataona kitu kimoja: gauni la matamvua linaloishia mapajani, unyoya kichwani, sigara mkononi. Hayo ni ya sinema za baadaye na ya sherehe za kujipamba kizamani. Gauni lenyewe lilikaa chini ya goti karibu muongo mzima. Upindo ulifika gotini mnamo 1926 na 1927, kisha ukaanza kushuka.

Wakubwa walipiga kelele mapema zaidi. Mwaka 1921, katika jimbo la Utah nchini Marekani, kulikuwa na muswada wa kumtoza faini na kumfunga mwanamke atakayepita barabarani na sketi iliyopanda zaidi ya inchi 3 juu ya kifundo cha mguu. Kwa kipimo hicho, sare za shule zetu zingejaza magereza.

Wanaolikosoa gauni hilo leo wana hoja nzito kuliko ya Utah. Koseti, ile nguo ya ndani ya kubana kiuno, ilivuliwa, wanasema, lakini mwili haukuachiwa. Gauni lililoning'inia wima lilitaka kifua bapa, na asiyekuwa nacho alikikaza: kampuni ya Symington ya Uingereza iliuza sidiria yenye kamba mbavuni pande zote mbili, kazi yake kulaza matiti. Wengine walijinyima chakula. Na mwaka 1928 matangazo ya Lucky Strike yaliwashauri watu washike sigara badala ya kitu kitamu, wasije wakanenepa. Hapo sina ubishi.

Ila mjadala wote huu unatazama goti na kifua, cherehani haiguswi.

Mwaka 1924 Mary Brooks Picken, wa taasisi iliyofundisha ushonaji kwa posta kutoka Scranton, Pennsylvania, alitoa maelekezo ya gauni la kushona kwa saa moja. Kitambaa kinakunjwa, shingo inakatwa, mikono inatoka humo humo kwenye kiwiliwili, nyonga zinakusanywa kidogo, basi. Anayeshona madera ataielewa kazi hiyo bila kuonyeshwa. Gauni la 1908, lenye kola ya kusimama, kiuno cha kubana na safu ya vifungo mgongoni, lilitaka fundi, kujaribishwa mara mbili tatu, na mtu wa kukufunga vifungo kila asubuhi. Karani wa taipureta anayeishi peke yake mjini angempata wapi?

Kuna hesabu moja ambayo hainitoki kichwani. Mwaka 1928 gazeti la kibiashara la Journal of Commerce lilikadiria kwamba ndani ya miaka 15 kitambaa cha vazi zima la mwanamke, bila soksi, kilipungua kutoka yadi 19 na robo hadi yadi 7. Kwa kipimo cha zamani cha pwani, doti moja ya merikani ilikuwa yadi 4: mwanamke mmoja alitembea na karibu doti tano mwilini, akabaki na zisizofika mbili. Na yaliyopungua si ya nje tu. Ni sketi za ndani, moja juu ya nyingine, ambazo hakuna mpita njia aliyeziona. Sasa zihesabu yadi hizo 12 na robo kwenye beseni. Zifue kwa mkono, zikamue, zianike wakati wa baridi, zipige pasi, na wiki ijayo uanze upya. Anayesema gauni fupi lilikuwa upuuzi wa mabinti wa dansi, nadhani hajawahi kufua.

Gauni la shanga tunaloliona makumbusho si shahidi mzuri. La tajiri lilitunzwa. La karani lilivaliwa mpaka likawa tambara la kufutia meza.

Mwaka 1929 mbunifu wa mavazi Jean Patou aliteremsha upindo mjini Paris, kiuno kikarudi mahali pake, na miaka ya 1930 ikatawaliwa na mkato wa mshazari, yaani kitambaa kukatwa kwa kukingama nyuzi zake, aliosifika nao mbunifu mwenzake Madeleine Vionnet. Ni mavazi mazuri mno, pengine mazuri kuliko yote ya karne ile. Lakini jaribu kukata hariri kwa mshazari juu ya meza ya kulia chakula: inateleza, inavutika, na ukilitundika gauni usiku, asubuhi upindo umeshuka upande mmoja. Kazi ikarudi kwa fundi.