Mgambo wa jiji wahesabu ghorofa kwanza

Nimechoka kuona nguvu ya jiji la Dar es Salaam ikiishia kwenye beseni la maembe la mchuuzi wa barabarani. Sheria ndogo za jiji zina kazi yake na sitaki zifutwe. Ninacholalamikia ni kwamba anayefuatwa kila siku ni yule anayeweza kukimbizwa, huku mwenye kosa linaloweza kuua akiachwa mpaka liue kweli.

Jumamosi asubuhi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Walikufa watu zaidi ya 20, na waokoaji walikaa siku kadhaa wakichimba kifusi huku waliokwama chini wakipiga simu kuomba maji na hewa. Wafanyabiashara wa pale walisema kulikuwa na kazi ya ujenzi ikiendelea chini ya jengo hilo hilo ambalo maduka yake yalikuwa wazi. Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye wamiliki wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Yote hayo yalikuja baada ya watu kufa.

Na Kariakoo si pori. Ni eneo ambako watu wa serikali wanakanyaga kila mara. Afisa biashara anapita kuangalia leseni. Wa kodi anasimama mlangoni kukagua risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, mkononi mwa mteja, tena kwa bidii iliyowafanya wafanyabiashara wafunge maduka Mei 2023 wakilalamikia kamatakamata. Mkusanya ushuru anapita, mgambo naye anapita. Macho yote hayo yanapita barabarani, halafu udongo unachimbwa chini ya jengo lenye watu na kazi haisimamishwi! Mimi siamini kwamba hakuna aliyeona. Naamini walioona hawakuwa wametumwa kuangalia hilo.

Tena hatukuanza 2024. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Likapandishwa hadi 16. Ghorofa sita za ziada, katikati ya jiji, mchana kweupe, kwa miezi na miezi ya zege na nondo! Jengo pacha lililokuwa jirani yake liliamriwa libomolewe, na miaka ikapita likiwa bado limesimama.

Sasa linganisha na kibanda. Oktoba 2021, wamachinga walipoambiwa waondoke kando ya barabara za Dar es Salaam, walipewa tarehe, ikasogezwa kidogo hadi mwisho wa mwezi, kisha vibanda vikaondoka kweli. Watu haohao walikuwa wamelipa Sh20,000 za kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile kilichoanza kugawiwa Desemba 2018, na wengi walikielewa kuwa ndiyo ruhusa ya kufanya biashara bila kubughudhiwa. Maana yake jiji hili likiamua linaweza. Agizo likitoka juu linafika hadi mtaani na linatekelezwa. Kwa hiyo mtu asiniambie habari ya uhaba wa watumishi.

Juzi kwenye kituo kimoja cha daladala niliangalia operesheni ya namna hiyo. Walikuwa mgambo sita na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda ya kukata aliwahi kuficha kisu na ndoo ya maji, beseni likabaki. Mgambo mmoja akalinyanyua na kulimwaga nyuma ya gari, matikiti na mananasi juu ya mizani na viti vya plastiki vya watu wengine. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Baba, nitalipata wapi?" Akajibiwa afuate ofisini na hela ya faini. Hatua chache kutoka pale magari mawili yalikuwa yameegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, watu wakishuka barabarani kuyakwepa, na mtaro wa maji machafu ulikuwa wazi bila mfuniko. Kirikuu kikaondoka.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Asiyeona na mwenye kiti cha magurudumu wana haki ya kupita pembeni ya barabara bila kukwama kwenye meza za viatu. Mwenye duka anayelipa pango na kodi ana haki ya kulalamika mlango wake ukizibwa. Sipingi mpangilio. Ila anayesema anawalinda watembea kwa miguu aondoe na gari, afunike na mtaro. Akiondoa beseni peke yake, simwamini.

Nina pendekezo moja, na halihitaji bajeti mpya. Jengo linapojengwa kihalali mjini linatakiwa kuwa na bango linaloeleza mradi, mkandarasi na wahusika wengine. Kibali chenyewe kiko kwenye faili la halmashauri, na idadi ya ghorofa imeandikwa humo. Kuhesabu ghorofa hakuhitaji digrii ya uhandisi. Wapeni mgambo haohao, na kirikuu hichohicho, orodha ya vibali vya kata yao. Wapite mtaa kwa mtaa, wahesabu, waulize kila wanapoona udongo unatolewa chini ya jengo lenye watu, na wawe na mamlaka ya kusimamisha kazi siku ileile mpaka mhandisi wa halmashauri afike. Waanze na Kariakoo, Jumatatu hii.